Spika ndogo za Bluetooth za Kibuye: za kibandani, si za harusini

Spika hizi za plastiki zenye taa za rangi rangi, za soko la Kibuye, zinamtosha kinyozi au mama mboga wa Kisumu. Mkutano wa nje haziuwezi. Ukipandisha sauti kupita robo tatu, besi inaanza kukwaruza.

Kabla ya kulipa, ijaribu kwa simu yako, si ya muuzaji. Iwashe, ngoja ile sauti ya Kiingereza itangaze kwamba iko tayari, kisha tafuta jina lake kwenye simu. Hapo ndipo kasheshe huanza. Spika za muundo mmoja hutangaza jina lilelile, na nyingi haziulizi namba ya siri, basi unagusa jina na wimbo unalia kwa kibanda cha pili. Zizimwe zote ibaki yako. Halafu sogea nayo hadi mita 10. Sauti ikikatika simu ikiwa mfuko wa nyuma, usiilaumu spika bado: mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya 2.4 GHz yanayotumiwa na Bluetooth. Toa simu mfukoni, ujaribu tena.

Jina Bluetooth lenyewe ni "jino la buluu", lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuunganisha Denmark na Norway. Jim Kardach wa Intel alilipendekeza mwaka 1997 liwe la muda tu, lakini jina la kudumu halikupatikana kwa wakati. Ile alama ni herufi mbili za kale za Skandinavia, H na B za mfalme huyo, zilizopandana. Huku kwetu neno limeshahamia kwenye kifaa: anayekuomba "Bluetooth yako" anataka spika au ya masikioni.

Kinachoharibika kwanza ni sistimu ya chaji. Waya ukichomekwa kwa nguvu, tundu hulegea na lazima fundi achomelee jipya. Betri ni afadhali, mradi uchague spika yenye kifuniko nyuma. Nyingi za aina hiyo hutumia BL-5C ya volti 3.7, ileile ya Nokia za zamani, na unaibadilisha mwenyewe. Iliyofungwa kabisa ni kazi ya fundi tena.

Ikikataa kuungana na simu iliyoizoea, futa jina lake kwenye simu, izime, iwashe, uanze upya. Kwa filamu sizipendekezi, maana midomo hutangulia maneno.