Chokaa au saruji kwa nyumba za mawe Bagamoyo?

Ukuta wa nyumba ya zamani Bagamoyo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Mawe hayo yana vitundu, yanafyonza maji na chumvi ya bahari kama sifongo.

Saruji ina mvuto wake: ipo kila duka, inakauka upesi, na fundi yeyote anaijua. Lakini ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na inaziba. Unyevu ukikosa njia, chumvi huganda nyuma ya lipu na kulimeng'enya jiwe. Pitisha kidole pale lipu ya saruji ilipobanduka: unga mweupe unamwagika, na huo unga ni ukuta wenyewe unaoondoka. Inaniuma kila nikiuona.

Chokaa hutokana na matumbawe yaleyale, yaliyochomwa kwa takriban nyuzi 900 za Selsiasi, kisha ikazimwa kwa maji. Ikishapakwa hufyonza hewa ya kaboni na kurudi polepole kuwa jiwe. Inapitisha unyevu, na ikichakaa huharibika yenyewe kabla ya ukuta. Shida yake ni subira: inyunyiziwe maji, ifunikwe isipigwe na jua, safu moja baada ya nyingine.

Kwa nyumba mpya ya matofali, tumia saruji. Kwa jengo la matumbawe mimi nasema chokaa tu, tena baada ya kupima. Kipande cha lipu ya zamani kikitiwa asidi, chokaa huyeyuka na mchanga hubaki. Hapo fundi anajua achanganye kipi na kiasi gani.