Darasa la Kiingereza la Jioni Karibu na Mwembe Tayari: Mwalimu Mzuri, Karatasi Mbaya

Mwaka jana nilimwandikia mteja wetu wa Uingereza barua pepe kuhusu kontena lake lililokuwa limekwama katika bandari ya Kilindini, Mombasa, nikakusudia kumwambia kwamba sisi wa ofisi ya uwakala wa forodha tunasikitika sana kwa kucheleweshwa huko. Nilichoandika ni "We are very disappointing". Mteja alijibu siku hiyohiyo, kwa adabu zote, kwamba katika hilo anakubaliana nasi kabisa. Mkubwa wangu alipomaliza kucheka alinieleza kwamba nimesema sisi ndio tunaowasikitisha watu, nami wiki hiyo nikaenda kujiandikisha katika darasa la jioni lililo karibu na Mwembe Tayari, ambalo ndilo ninalolitathmini hapa.

Ada ni shilingi 6,500 kwa wiki 6, vipindi viwili kila wiki, na hulipwa kwa M-Pesa. Risiti utaipata ukiidai zaidi ya mara moja. Masomo huanza saa moja usiku, punde baada ya swala ya magharibi, na husimama kidogo kwa ajili ya isha, utaratibu ambao uliwafaa wengi wetu. Chumba kiko ghorofa ya tatu na kina feni moja. Wenzangu walikuwa wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi, madereva wa tuktuk, makarani, na kijana mmoja anayewatembeza wageni Fort Jesus.

Kipindi kilichonilipa ada yangu yote ni cha saba, kilichohusu yale maneno ya Kiingereza yanayotokana na vitenzi na kutumiwa kama vivumishi vya hisia: "bored" na "boring", "tired" na "tiring", "surprised" na "surprising". Mwalimu hakugawa karatasi kwanza. Alimwomba kila mtu aeleze kwa Kiswahili siku yake ilivyokuwa. Dereva mmoja akasema, "Mwalimu, foleni ya Makupa leo imenichosha," na mama mmoja anayesafisha vyumba hotelini akasema, "Mimi mwanangu nimechoka, basi." Mwalimu akayaandika maneno hayo mawili ubaoni, akatuuliza ni nani aliyechoka na ni nini kilichochosha, kisha akatwambia kwamba somo lenyewe tunalijua tangu utotoni.

Alikuwa na haki. Kiswahili hutenganisha chanzo cha hisia na mwenye hisia kwa uangalifu mkubwa. Foleni huchosha, habari hushangaza, giza hutisha; hiyo ni kauli ya kutendesha, na nafasi yake katika Kiingereza hushikwa na neno lenye "-ing". Aliyefikwa na hisia amechoka, ameshangaa, amevutiwa au amesikitika, na huyo kwa Kiingereza hupewa neno lenye "-ed". Kijana wa nyuma akadakia kwamba hata mitaani mambo ni hayohayo, kwani filamu "inaboo" lakini mtazamaji "ameboeka", na hakuna hata mtoto wa Majengo anayeyachanganya. Darasa lilicheka, ila sijapata kusikia mfano bora kuliko huo, kwa sababu neno limekopwa kutoka Kiingereza chenyewe na papo hapo likavikwa kiambishi cha Kiswahili ili tofauti isipotee.

Kwa nini basi tunakosea? Mwalimu alilieleza hili vizuri kuliko yeyote aliyewahi kunifundisha. Shuleni tulikariri kwamba "-ing" ni sawa na "-na-": ninasoma, "I am reading". Tangu hapo kila tukisikia "-na-" kichwani, kalamu huandika "-ing". Nasi makarani tumezoea kufungua barua kwa "Tunasikitika kukujulisha", kwa hiyo mimi niliichukua ile "tunasikitika", nikaipeleka moja kwa moja kwenye Kiingereza, na mteja akapata la kuchekea. Dawa yake, anayezungumziwa akiwa ni mwenye hisia, ni kujiuliza kwanza kama neno lingefaa kugeuzwa kuwa "-me-" au "-wa": tumesikitika, tumesikitishwa. Likikubali, andika "-ed".

Baada ya hapo zikagawiwa karatasi, na ubora wa kipindi ukashuka. Juu kabisa iliandikwa kanuni kwamba "-ed" ni ya watu na "-ing" ni ya vitu. Kanuni hiyo ni ya uongo, na inashangaza kwamba kituo kinachotoza fedha kinaendelea kuitolea fotokopi. Mtu naye anaweza kuwa chanzo cha hisia. Mtembezaji wa Fort Jesus akiisimulia ngome iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593 kama anayesoma orodha ya bei, wageni watakuwa "bored", naye, mtu mwenye roho na mwili, atakuwa "boring". Kwa Kiswahili tungemwita mtu wa kuchosha bila kusita. Vilevile uso wa mtu, ambao si mtu, unaweza kuwa "worried", kwa kuwa unaonyesha wasiwasi wa mwenyewe. Zoezi lilikuwa na sentensi 20 na hakuna hata moja iliyompa mtu neno lenye "-ing". Mwalimu aliikosoa kanuni hiyo alipoulizwa, lakini asingeulizwa ingepita.

Karatasi pia haikusema lolote kuhusu maneno yasiyofuata mkumbo. Aliyeogopa ni "scared", lakini kinachoogopesha ni "scary". Mwenye msongo ni "stressed", na kazi inayomletea msongo ni "stressful". Mimi niliandika "scaring" na "stressing" kwa wiki mbili nzima nikidhani nimeelimika. Matamshi nayo yalipewa dakika chache mno, ilhali kwetu sisi ambao maneno yetu huishia kwa irabu hiyo "-ed" ndiyo humezwa kwanza: mwisho wa "shocked" husikika kama "t", wa "bored" kama "d", na "excited" pekee kati ya hayo matatu ndilo linaloongeza silabi. Vihusishi vilirukwa kabisa. Sisi tunachoshwa na, tunavutiwa na, tunafurahishwa na, yote kwa "na" moja. Kiingereza hutaka "tired of", "interested in", "pleased with", na hakuna njia ila kuyahifadhi pamoja.

Ukiwa unafanya kazi na wageni au unaandika barua za ofisi, ninakushauri ujiandikishe, mradi uulize kwanza ni mwalimu gani atakayekufundisha, kwa sababu kundi la jirani lilifundishwa kwa karatasi hizo peke yake mwanzo hadi mwisho na wenzetu wa huko walitoka na ile kanuni ya watu na vitu. Cheti hutozwa shilingi 500 zaidi, jambo ambalo hakuna aliyetutajia siku ya kujiandikisha. Mimi sikukichukua.