Tahadhari: "Antena ya bendi zote, SWR 1:1, bila tyuna" ni kisanduku cha rezista

Wakuu, kama ndiyo kwanza umepata leseni ya redio ya ridhaa (ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha) na unatafuta antena ya waya ya bendi nyingi, soma hapa kabla hujatuma hela. Mimi nimepigwa shilingi 280,000. Kuna wenzangu wawili ninaowafahamu waliopigwa na mtu huyohuyo, na mmoja wao mpaka juzi alikuwa anahangaika kutafuta fundi wa kumtengenezea redio. Redio yake nzima kabisa.

Jina la muuzaji siliweki, maana analibadilisha kama shati. Mjue kwa mzigo wake. Tangazo linasema: antena ya waya mita 20, bendi 40, 20, 15 na 10, SWR 1:1 kila bendi, haihitaji tyuna, inabeba wati 500, "unafunga unaongea". (Kwa mgeni: namba za bendi ni urefu wa wimbi kwa mita. SWR inaonyesha nguvu kiasi gani inarudi kwenye redio, na 1:1 maana yake hairudi kitu. Tyuna ni kifaa cha kulinganisha antena na redio.) Picha ni ya kisanduku cha kijivu cha plastiki, aina ile ya kufungia maungio ya umeme ukutani, kimewekwa juu ya vigae vya kijani. Kina tundu la kuchomekea kebo upande wa chini, skrubu yenye nati juu, na stika nyeupe iliyoandikwa 49:1.

Hiyo 49:1 ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma soma. Antena ya nusu wimbi inayolishwa kwenye ncha ipo kweli, na kwa mtu anayeanza ni nzuri sana: waya mmoja wa mita 20 na ushee, ncha moja kwenye mwembe, nyingine kwenye kona ya nyumba, unapata bendi nne bila kugusa kitu. Ila kwenye ncha ya waya ule ukinzani ni mkubwa, omu 2,500 hivi, wakati redio inataka omu 50. Kwa hiyo katikati lazima ikae transfoma ya kushusha, na 49:1 ndicho kipimo chake. Nikaona jamaa anajua anachouza. Nikalipa kwa simu, mzigo ukaja na basi siku ya pili, umefungwa vizuri kabisa, na zawadi ya kamba ya manila mita 10 juu yake. Kamba hiyo, niseme ukweli, ndiyo kitu pekee cha halali nilichopata.

Nilifunga Jumamosi. Redio yangu ni ndogo, ya wati 20. Nikapima SWR: bendi ya 40 inasoma 1.1, ya 20 inasoma 1.1, ya 15 inasoma 1.2, ya 10 inasoma 1.2. Nilifurahi mpaka nikampigia picha mke wangu ile skrini, na yeye haelewi hata SWR ni mdudu gani. Nikafungua bendi ya 20 jioni, nasikia Waitalia, nasikia Warusi, wanaongea kama wako sebuleni. Nikaita CQ, yaani kumwomba yeyote anayesikia anijibu. Kimya. Nikamjibu mmoja aliyekuwa na nguvu sana, akajibiwa mwingine. Wiki mbili hivyo. Nasikia dunia nzima, hakuna anayenisikia.

Nikamwandikia muuzaji. Majibu yake nayahifadhi hapa kama alivyoandika, kwa sababu ni yaleyale aliyowaambia wale wenzangu wawili.

"Bosi, SWR inasoma ngapi?"

"Moja nukta moja."

"Sasa shida iko wapi kaka? Antena nzima hiyo. Wewe bado mgeni kwenye mambo haya, siku hizi jua limechafuka, mawimbi hayasafiri. Vumilia."

Nikavumilia. Ndugu zangu, hapo ndipo anapowakamata wageni. Sisi tumefundishwa kwamba SWR ikiwa chini mambo ni safi, basi tukiona 1.1 tunajilaumu wenyewe, tunalaumu redio, tunalaumu jua.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Arusha, ana miaka mingi kwenye kazi hii. Nilimpigia simu tupange kujaribu bendi ya 40 mchana. Kutoka Dar hadi kwake ni kama kilomita 480 kwa njia ya anga, umbali ambao bendi ya 40 mchana inaufikia bila jasho. Mimi namsikia vizuri sana. Yeye ananisikia kama mbu aliye chumba cha pili. Akaniuliza SWR, nikamtajia kwa kujidai. Akacheka.

"Hebu kijana wangu, panda pale juu, chomoa waya kabisa. Kiache kisanduku peke yake, halafu upime tena."

Nikapanda. Nikalegeza nati, nikautoa waya, ukaanguka chini. Nikarudi ndani, nikabonyeza kupima.

SWR 1.1.

Antena haina waya na redio bado inafurahi! Nikamwambia mzee, akasema, "Basi usipande tena kuufunga. Wewe umenunua hita."

Kisanduku kilikuwa kimejazwa gundi ngumu nyeusi, kwa maelezo ya muuzaji eti kuzuia mvua. Nilikaa nacho jioni nzima na bisibisi na kisu cha kuchongea. Gundi ilipoanza kuachia, harufu ya kuungua ikatoka, ile ya rezista (kipande kinachozuia umeme na kuugeuza joto) iliyopikwa. Ndani hamna ringi ya feraiti, ile inayozungushiwa waya wa transfoma. Hamna hata mzunguko mmoja wa waya wa shaba. Kuna rezista mbili za omu 100 zimelehemiwa sambamba, kutoka pini ya katikati ya tundu kwenda kwenye gamba lake, moja imeshageuka rangi ya kahawia upande mmoja. Omu 100 mbili sambamba ni omu 50. Na kutoka pini hiyohiyo kipande cha waya kinakwenda moja kwa moja kwenye ile skrubu ya juu. Basi. Kitu cha shilingi elfu mbili, tatu.

Sasa piga hesabu. Waya wa nusu wimbi unaonyesha omu 2,500, rezista zinaonyesha 50, na zote ziko sambamba. Umeme unafuata njia rahisi. Waya unapata sehemu moja kati ya hamsini. Nikibonyeza wati 20, wati 19 na zaidi zinachemsha rezista ndani ya gundi, na wati 0.4 ndiyo inayokwenda kwa Waitalia. Kusikia nilikuwa nasikia kwa sababu stesheni zenye nguvu kwenye bendi hizi zinabaki juu ya kelele hata ukizipunguza. Ndiyo maana mtego huu ni mbaya: masikio mazima, mdomo umezibwa.

Kama tayari umenunua kisanduku cha aina hii, usianze kukivunja kama mimi. Chukua mita ya kawaida ya fundi, iweke kwenye omu, kebo ya redio ikiwa imechomolewa na waya pia. Gusa pini ya katikati na gamba la tundu. Transfoma ya kweli ya 49:1 ni waya wa shaba uliozungushwa, kwa hiyo mita itasoma karibu na sifuri. Ikisoma 50 au karibu na hapo, pole. Lakini mjanja anaweza kesho kuificha rezista nyuma ya mizunguko miwili mitatu ya waya, mita ikasoma sifuri na bado ukawa umeibiwa, kwa hiyo kipimo cha mzee wa Arusha ndicho ninachokiamini zaidi: toa waya, pima SWR kwa nguvu ndogo kabisa. Antena halali ikitolewa waya, SWR inaruka juu. Ukiwa na NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, ni rahisi zaidi, na redio yako haiguswi. Iambie ipime SWR kutoka megahezi 1 hadi 30. Waya wa kweli wa mita 20 unachora mabonde karibu na 7, 14, 21 na 28, na katikati yake milima. Tazama hasa kwenye 10, pale inapaswa kuwa mbaya. Ukiona mstari umelala kama meza toka mwanzo hadi mwisho, hiyo si antena.

Nisije nikawachafua wasiohusika. Zipo antena halali zenye rezista, zile za waya uliokunjwa na kufungwa mwisho, wanazitumia hata majeshi kwa sababu zinaruka bendi bila kusumbua. Zinapoteza nguvu na anayeziuza kwa haki anakwambia. Tena rezista yake ni ya mamia ya omu na inakaa mbali kwenye waya, haikai mdomoni mwa kebo.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie picha ya ndani ya kisanduku, gundi haijamwagwa. Unatafuta ringi ya feraiti ya kijivu iliyokolea, na kwa anayedai mamia ya wati iwe na upana wa sentimita 6 hivi, waya umezungushwa mara 2 upande wa redio na mara 14 upande wa antena. Mbili kwa kumi na nne ni moja kwa saba, saba mara saba ndiyo arobaini na tisa. Ringi nyekundu ni ya unga wa chuma, si ya kazi hii. Muuzaji wangu nilipomwomba picha hiyo baadaye, kwa namba nyingine ya simu, aliniambia ni "siri ya kiwanda" halafu akaniblock. Transfoma hii haina siri, michoro yake imejaa mtandaoni bure.

Na anayekuuzia G5RV, antena nyingine ya waya ya tangu zamani, kwa maneno hayohayo ya "bendi zote bila tyuna" naye mwogope. Louis Varney alipoibuni mwaka 1946, ule waya wa mita 31 aliupigia hesabu ya bendi ya 20. Nyingine unazipata kwa tyuna.

Mimi sasa hivi natumia daipoli (waya uliogawanywa katikati, kebo ikafungwa hapo) ya waya wa umeme wa nyumbani wa 1.5, niliununua dukani mtaani. Gawa 143 kwa megahezi unapata urefu wa nusu wimbi kwa mita: kwa 7.1 ni mita 20.1, yaani kama 10 kila upande. Plastiki ya waya inataka upunguze kidogo, kwa hiyo anza na ndefu, pima, kunja ncha, pima tena. Vihami nimekata bomba la PVC. Bendi ya 15 inakubali humohumo, kwa sababu 21 ni mara tatu ya 7. Siku ya kwanza nilijisikiliza mwenyewe kupitia ile redio ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, iliyo wazi kwa yeyote. Sauti yangu ilifika, ina mikwaruzo, lakini maneno yanaeleweka. Mzee wa Arusha akanipa tano na tisa, yaani sauti wazi na yenye nguvu, na akaniuliza hita inaendeleaje.

Hela sijarudishiwa. Jana usiku nimeona tangazo jipya, jina jingine, vigae vilevile vya kijani. Stika sasa inasema 64:1 na bei imepanda hadi 320,000. Mliokwisha nunua, pimeni kwa mita mniandikie inasoma omu ngapi, na hifadhini risiti za malipo na mazungumzo yenu naye. Tukifika watu watano au zaidi tunakwenda polisi pamoja.