Kozi ya kujinasua kwenye msukosuko wa ndege kubwa, uzoefu wangu

Niseme kabisa mwanzoni, kama unarusha ndege ndogo na unatumia kiwanja kimoja na majeti, hii kozi ya kuinyoosha ndege ikibingirishwa na msukosuko wa hewa unaoachwa nyuma na ndege kubwa nenda, hata kama sheria haikulazimishi. Ulaya tangu tarehe 20 Desemba 2019 imekuwa lazima kwa wanaoelekea kwenye ndege kubwa za marubani wawili, angalau saa 5 za darasani na saa 3 angani na mwalimu, ila rubani wa kawaida mwenye leseni ya binafsi anaachwa aamue mwenyewe, na kiukweli huyo ndo anayepigwa vibaya zaidi maana ndege yake ni nyepesi na mabawa yake mafupi.

Darasani walifundisha vizuri. Kila ndege inayobebwa na mabawa yake inaacha nyuma vimbunga viwili, kimoja kila ncha ya bawa, vinazunguka kinyume, na vinakuwa vikali zaidi ndege ikiwa nzito, inaenda polepole na flapsi (vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) ziko ndani. Vinashuka futi 300 hadi 500 kwa dakika, kwahiyo wewe wa nyuma unakaa juu ya njia aliyopita mwenzako, ukiruka unanyanyuka kabla ya pale aliponyanyukia na ukitua unagusa mbele ya pale alipogusia. Haya wengi tunayajua. Ambacho nimeona wengi hawakizingatii ni ule upepo mwepesi wa pembeni, wa noti 3 hadi 5 (noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa). Karibu na ardhi vimbunga vinatambaa kwenda pembeni kwa noti 2 au 3 hivi, sasa upepo kama huo unakizuia kile cha upande unakotoka upepo, kinabaki juu ya ranwei pale pale unapotaka kupita, na wewe unaona hali ya hewa nzuri, upepo umetulia, unajiona uko salama.

Simuleta, ile mashine ya chini inayoigiza kurusha ndege, haikunisaidia sana. Inakupa mpangilio wa hatua, basi. Mwili haujui kwamba uko kichwa chini, na shida yote ya hili jambo iko kwenye mwili.

Angani sasa. Tulitumia Extra 300, ndege ya sarakasi, parachuti mgongoni, juu sana mbali na kila kitu. Mwalimu anakwambia inamisha kichwa ufumbe macho, anaibingirisha ndege, afu anasema "yako" na ukifumbua macho ardhi iko juu ya kichwa chako. Hapo mkono wenyewe unataka kuvuta stiki, fimbo ya kuongozea ndege, kila mtu, maana toka siku ya kwanza ya kujifunza kurusha kuvuta ndo kupanda. Lakini bawa likishapita nyuzi 90 kuvuta kunaipeleka pua ardhini, spidi inapanda kwa kasi, futi zinakwisha, na ukizidi kuvuta unaweza kuvunja ndege yenyewe. Cessna 172 ya kawaida imethibitishwa kwa ji 3.8 tu, yaani mzigo wa mara 3.8 ya uzito wake, hizo unazifikisha haraka sana ukiwa na hofu.

Kwahiyo wanakufundisha sukuma, bingirisha, nguvu (ya injini), tuliza. Sukuma kwanza, kidogo tu, ili bawa lipate pumzi na aileroni, vile vibao vya mabawa vya kuibingirisha ndege, zifanye kazi, ndo ubingirishe kwenda kwenye upeo wa macho. Hiyo "sukuma" tuliirudia tena na tena mpaka mkono ukaacha kubishana na kichwa, na kwangu hapo ndo thamani yote ya kozi ilipo. Pedali za usukani wa mkia wanasisitiza uzitumie kwa upole, usizipige kushoto kulia kushoto. Walituchambulia ajali ya American Airlines 587 ya tarehe 12 Novemba 2001, Airbus A300 iliyoruka New York nyuma ya Boeing 747, rubani msaidizi akakanyaga pedali kwa nguvu huku na huku ndani ya msukosuko mpaka mkia wa wima ukang'oka, watu 265 wakafa wakiwemo 5 waliokuwa chini. Msukosuko wenyewe ndege ile ingeuvumilia.

Kitu nilichokiheshimu, mwalimu hakuficha mpaka wa mafunzo. Kila tulipojinasua alinionyesha altimita, kipima kimo, ni futi mamia zimeliwa, afu ananiuliza ungekuwa futi 300 unakuja kutua ingekuwaje? Hamna jibu. Kimbunga cha ndege nzito kinaweza kubingirisha ndege ndogo kwa nguvu kuliko aileroni zako zote, so kujinasua ni kwa ajili ya kule juu, huku chini ni kukwepa tu.

Malalamiko yangu ni ndege waliyochagua. Extra inabingirika karibu duara zima kwa sekunde moja, unagusa stiki kidogo umeshanyooka, mtu anaweza kurudi kwenye ndege yake ya kawaida akidhani nayo itamjibu hivyo wakati ile ni nzito mkononi na inachukua sekunde ambazo unazihesabu kwa futi. Ningependa sehemu ya mwisho wafanyie kwenye kitu kama Super Decathlon, mabawa juu, taratibu zaidi, karibu na tunachorusha kila siku. Kabla hujalipa waulize hilo, na uliza pia kama mwalimu anakushtukiza au anakwambia kabla, maana ukiambiwa kabla unafanya sarakasi tu.

Na kwenye redio nimebadilika. Muongozaji wa ndege akiniambia fuata ile jeti unayoiona, najua nikikubali nafasi kati yetu ni jukumu langu, kwahiyo nikiona iko karibu naomba kuzunguka, na kwenye kuruka nyuma ya ndege nzito zile dakika 2 za kusubiri nazikaa zote, nikianzia katikati ya ranwei ni 3, na hata nikiulizwa kama niko tayari kuziacha nasema hapana nasubiri.