Nilitaka kuuza kitafuta samaki changu, kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya

Boti yangu ni ya faiba, futi 22, mashine Yamaha 40 ya kuwasha kwa ufunguo. Naitoa Sahare, Tanga, kwa kazi ya mshipi: changu, chewa, na kolekole wakipita. Mwaka jana nilijipinda nikanunua Garmin Striker 4, kile kidogo chenye kioo cha inchi 3.5. Nikamwita fundi wa umeme wa mtaani anifungie kifaa hicho pamoja na taa za ubavuni na pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti. Alimaliza kwa siku moja, bei yake nafuu, na nilifurahi.

Furaha haikufika miezi minne. Kila nikigeuza ufunguo wa mashine, kioo kinazima na kuwaka upya. Tukienda mwendo, kioo kinajaa mistari kama mvua, na kina cha maji kinapotea kabisa. Pampu ikawa inatoa maji kwa kukohoa. Kilichonitisha ni usiku mmoja nje ya kisiwa cha Yambe: taa zote zikafa, na boti ya dagaa inakuja upande wetu kwa kasi. Kijana wangu alisimama omo, mbele ya boti, akipunga simu yenye tochi mpaka wakatuona. Nilirudi pwani nikiwa nimeamua. Nikamwambia mchuuzi mmoja pale soko la samaki la Deep Sea anitafutie mteja wa kile kifaa, mimi nirudi kwenye alama alizonifundisha baba, za kulinganisha mbuyu wa pwani na vilele vya Usambara.

Mchuuzi hakuniletea mteja, aliniletea fundi. Kijana wa makamo ya mwanangu wa kwanza, aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za wazamiaji. "Shikamoo mzee. Kabla hujakiuza, nipe nusu saa nikipime."

Akatoa mita. Kwenye betri, mashine ikiwa imezimwa, volti 12.6, hakuna tatizo. Akaniambia niwashe, huku amegusisha mita nyuma ya kifaa: ikaporomoka hadi 8 na pointi. Mashine na kifaa vilikuwa vinakula betri moja, na stata ikivuta, kifaa kinabaki na njaa. Kisha akabandua tepu nyeusi kwenye kiungo kimoja. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, na shaba yenyewe imekuwa nyeusi kama mkaa. Akakata nyuma kidogo, bado nyeusi. Akakata tena, nyeusi. Ilibidi afike kama shubiri moja ndipo shaba ing'ae. Maji ya chumvi yalikuwa yamepanda ndani ya plastiki, yananyonywa na nyuzi za waya kama utambi unavyonyonya mafuta. Nilimwangalia yule kijana nikajua kifaa changu nilikuwa nakisingizia.

Aling'oa kila kitu. Waya wa nyumbani ukatupwa, ukaagizwa waya wa boti, ule ambao kila uzi umepakwa bati, kwa sababu Ngamiani hatukuupata. Ulitoka Dar kwa basi, na nilisubiri wiki nzima. Hakuna kiungo hata kimoja cha kusokota na tepu. Kila ncha imebanwa lagi, kile kichwa cha chuma cha kuungia waya, kwa koleo lake maalumu, ikavishwa mpira wenye gundi ndani unaonywea ukipata moto. Fyuzi ziko jirani na betri, hazifiki shubiri moja kutoka kwenye nguzo. Yule wa kwanza aliziweka karibu na kifaa. Huyu alinieleza kwamba fyuzi kazi yake ni kulinda waya, na ikikaa mbali, ule waya wote wa katikati unaweza kushika moto na fyuzi isijue.

Kifaa, taa na pampu vimepewa betri yao, ya aina ya sola, iliyokaa omo, nami naichaji nyumbani. Betri ya mashine haiguswi na kitu kingine.

Pampu ndiyo aliyoipigia hesabu mbele yangu, kwa kalamu juu ya kipande cha boksi. Iko shetri, yaani nyuma ya boti, mita 5 kutoka kwenye betri, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za waya. Pampu inakula ampea 4. Kwa waya wa unene wa milimita za mraba 1.5 unapoteza karibu nusu volti njiani, kwa waya wa 2.5 unapoteza kama 0.3, na hapo hujagusa viungo vilivyooza. Tukaweka 2.5. Sasa maji yanaruka nje kwa nguvu mpaka unayasikia yakipiga bahari.

Ile mistari kwenye kioo ilitokana na waya wa sensa, kile kipande cha kifaa kinachokaa majini, kufungwa pamoja na nyaya za mashine. Aliuhamishia ubavu wa pili, na urefu uliobaki akaukunja bila kuukata. Sensa yenyewe akaisogeza mbali na panga la mashine, isinywe povu. Kila waya unapoingia kwenye swichi ameuachia tumbo chini, tone likishuka lidondokee hapo lisiingie ndani.

Malipo: ufundi 150,000, vifaa vyote pamoja na betri 410,000. Ni ghali kuliko mara ya kwanza, na alichukua siku tatu. Kingine ambacho sikukipenda ni swichi alizoziweka chini mno, zinapigwa na maji bahari ikichafuka. Nimemwambia, ameahidi kuzipandisha.

Kuhusu Striker 4: haina ramani, inakuonyesha nukta zako tu juu ya kioo kitupu, na kioo ni kidogo kwa macho ya umri wangu. Lakini inasoma kina kwa pima, kama tunavyohesabu wenyewe, na kila mwamba wenye chewa nimeutia alama. Kusi yote imepita na taa hazijazima hata usiku mmoja. Juzi nilifungua kiungo kimoja cha pampu kwa wasiwasi tu, nikakuta bati jeupe, safi. Nimemwomba fundi afanye na boti ya shemeji yangu. Waya umeshafika kutoka Dar, uko chini ya kitanda changu.