Redio ya mkononi ya kusakia kelele: uzoefu wangu, na yule muuzaji

"Mzee, hizo kelele unazozitafuta ziko kichwani mwako."

Hayo niliambiwa mbele ya wateja wengine, na kijana aliyekuwa ameshapokea pesa yangu, ambaye hata shikamoo hakuitoa. Nilipanga kuandika habari za redio peke yake, lakini kila nikiikumbuka sauti ile damu inachemka, kwa hiyo duka nalo litaingia humu. Jina lake silitaji. Liko katikati ya mji wa Mwanza, na wauzaji wa aina ile wamejaa kila mji.

Redio yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani: masafa ya kati, masafa mafupi, FM na bendi ya ndege. Mengine yameandikwa kwenye boksi, someni wenyewe. Niliinunua kwa kazi moja tu, kusaka chanzo cha mlio uliokuwa unaniharibia masafa mafupi kila jioni.

Sisi tuliozaliwa Unguja tukaja kustaafia huku ziwani tuna kiu yetu. Mitambo ya redio ya Zanzibar kule Dole inapokuwa hewani, kilohezi 11735, nataka taarabu na habari za kwetu, na nataka zinifikie kwa mawimbi, si kwa bando. Tangu mvua za vuli, giza likiingia tu, masafa yote yalikuwa yanajaa mlio mzito, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya chupa. Stesheni inazama kabisa. Halafu usiku ukishakwenda, mlio unakatika ghafla. Kitu kinachokatika ghafla vile, kila siku karibu saa ileile, kinazimwa na mkono wa mtu.

Kwanza nilizima meni swichi ya nyumba nzima, redio ikiwa kwenye betri. Mlio upo palepale. Basi hautoki kwangu. Hatua hii haina gharama, na kila anayelaumu stesheni aanze nayo, maana mara nyingi mkosaji ni chaja ya simu iliyochomekwa chumba cha pili.

Pili, niliuchunguza mlio wenyewe. Nilipopitisha namba za masafa polepole, kelele haikuwa imetandaa sawasawa. Ilikuwa inapanda na kushuka kwa vichuguu, kila baada ya kilohezi kama 65. Hiyo ni alama ya pawa saplai za siku hizi, kama za chaja na taa, zile nyepesi zisizo na transfoma nzito. Zinawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unatupa mawimbi kwenye mazidisho ya masafa yake, moja, mbili, tatu, mpaka juu huko. Kelele ya nguzo ya umeme yenye kikombe kilichopasuka au skrubu iliyolegea ni nyingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, cheche zinaruka kila nusu ya wimbi, kwa hiyo unasikia mngurumo wa mara 100 kwa sekunde, na unabadilika kukiwa na upepo au mvua. Wangu haukujali upepo wala mvua.

Nimefundisha fizikia sekondari maisha yangu yote, sumaku-umeme nimeiandika ubaoni mpaka chaki zikaniingia mapafuni. Kwa hiyo nilijua la kufanya. Ndani ya redio ya masafa ya kati kuna kijiti cheusi cha feraiti, ndicho antena yake. Kikilala ubavu kuelekea chanzo, sauti inakuwa kubwa kabisa. Ncha yake ikielekea kwenye chanzo, sauti inafifia. Ule ukubwa ni mpana, hausaidii. Kufifia ndiko kuliko kwembamba, na ndiko kunakokuonyesha mstari. Unauchora mstari huo, unakwenda mahali pengine, unachora wa pili, na pale inapokatana ndipo penye kitu.

Sasa hapa ndipo redio hii ilipokaribia kunitoa machozi. Ina tabia ya kujinyamazisha. Mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani, chipu inakata sauti yenyewe, eti isikuudhi kwa mikwaruzo. Kwa anayesikiliza muziki huenda ni hisani. Kwa anayetafuta mahali sauti inapofifia ni balaa. Unaizungusha: kelele, kelele, kimya. Unaendelea: kimya, kimya, kimya, kelele. Kimya chote hicho kina upana wa karibu robo ya duara, na mstari unaoutaka uko mahali fulani humo ndani. Juu ya hayo, kelele ikikua redio inajipunguzia nguvu yenyewe, hivyo ukikisogelea chanzo sikio halipati tofauti. Swichi ya kuzima hayo mawili haipo. Na kwenye boksi hawakusema.

Nikarudi dukani na boksi lake na risiti ya EFD. Nilitaka aniambie kama kuna namna ya kuzima huko kujinyamazisha, na kama hakuna, nichukue ile kubwa yenye kitufe cha kupunguza nguvu ya antena, tofauti ya bei ningeongeza. Kijana akaniuliza nasikiliza stesheni gani. Nikamwambia sisikilizi stesheni, natafuta kelele. Akamtazama mwenzake, wakacheka. Ndipo likatoka lile neno.

Halafu akaiwasha redio palepale kaunta, kwenye masafa ya kati, chini ya mikanda ya taa za LED zinazobadilika rangi, televisheni zimepangwa ukuta mzima, chaja ziko kila tundu. Redio ikapiga ukelele. "Unaona? Umeshaiharibu mwenyewe." Nikamwambia mwanangu, hiyo si redio, hizo ni taa zako, twende nayo mpaka barazani uone. Hatua chache tu! Akasema hana muda wa kutembezwa. Akagonga kidole kwenye kibandiko ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata matusi. Jibu lote lilikuwa mle ndani ya duka lake, linapiga kelele masikioni mwake, naye anamwambia mteja kwamba kelele ziko kichwani. Mtu anauza redio na hajui kwamba duka lake lenyewe linazizima. Ni wateja wangapi wamejaribu redio pale, wakasikia ukelele ule, wakaenda zao wakiamini masafa ya kati na mafupi yamekufa?

Ningeandika usiku ule, ningesema msiichukue redio hii hata kwa bure.

Kazi ya mwanzo ilifanywa na redio ya National ya zamani ya mshale, ya jirani yangu, mama anayeuza dagaa Mwaloni. Haina chipu ya kujinyamazisha, na kufifia kwake ni kwembamba hasa. Kutoka uani kwangu huku Isamilo mstari ulishuka chini kuelekea barabarani. Kutoka kona ya pili ukakatana nao karibu na safu ya fremu za maduka. Lakini nilipofika kwenye fremu zenyewe, masafa ya kati yakakosa maana. Kelele za namna hii zinapanda kwenye waya za umeme na kusafiri nazo, zinazidi hapa, zinapungua pale, zinazidi tena mbele. Ukifuata sikio tu, kila nguzo itaonekana ina hatia.

Na hapa lazima nigeuze maneno yangu, kwa sababu haki ni haki.

Bendi ya ndege, megahezi 118 hadi 137, inatumia AM, haitumii FM. FM imeundwa kupuuza mabadiliko ya nguvu ya wimbi, na kelele nyingi ni mabadiliko hayo hayo, ndiyo maana FM ya kawaida haikufai katika msako huu. AM inazisikia zote. Na kwenye masafa ya juu namna hiyo kelele haifiki mbali wala haisafiri sana na waya, kwa hiyo pale inapokuwa kubwa, hapo ndipo penyewe. Huna haja ya kuwasikiliza marubani. Unatafuta nafasi tupu kati yao. Redio yangu ndogo, ile niliyokuwa nimeilaani, kwenye bendi hiyo haijinyamazishi kamwe! Ina skwelchi, yaani kizuia mikwaruzo, ya kurekebisha mwenyewe, ukiifungua yote unasikia kila kitu. Niliishika kifuani nikageuka polepole. Mwili wa mtu unazuia mawimbi ya aina ile, kwa hiyo kelele ikipungua kabisa ujue chanzo kiko mgongoni mwako. Kila nilipokaribia nilisukuma antena ndani kidogo ili isizidiwe. Mwishoni antena ilikuwa imeingia yote, na kelele ilikuwa inatoka kwenye fremu moja tu. Furaha niliyoipata pale siwezi kuieleza.

Ni kinyozi. "Shikamoo mwalimu," ndivyo alivyoanza, kabla sijafungua mdomo. Nikamweleza, nikamwomba azime taa zake za urembo zinazozunguka kioo. Akazima. Mlio ukakatika. Akawasha, nyigu akarudi. Wateja wakaacha kunyolewa wakasogea kusikiliza, na mmoja akamwambia azime tena ili asikie vizuri. Kinyozi akasema redio yake mwenyewe pale dukani haishiki kitu jioni, naye siku zote alidhani ni mawe ya Mwanza.

Aliniruhusu tuifungue pawa saplai ya zile taa. Kwenye bodi kulikuwa na alama za mahali pa koili ya kuchuja, na badala ya koili wameunganisha vipande vya waya mtupu. Matundu ya kapasita za chujio yako wazi. Kuna kiwango cha kimataifa cha taa, CISPR 15, kinachotaka kelele hizi zizuiwe. Mtengenezaji aliamua kubana pesa kidogo ya vipuri, gharama yake nikailipa mimi na mtaa mzima. Tulizungusha waya mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, upande wa kuingia na wa kutoka. Kuipitisha mara moja tu hakusaidii sana kwenye masafa haya, kwa kuwa nguvu ya kuzuia inakua kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Kelele ikashuka sana. Kinyozi alipopata saplai nyingine yenye koili zake kamili, ikaisha. Hakunidai hata shilingi, na hakuna aliyemlazimisha.

Angekataa, ningekwenda TCRA, ndio wenye dhamana ya masafa nchini, na ningekwenda na maandishi: saa, masafa, mlio wa namna gani, mahali mistari inapokatana.

Kwa hiyo redio naisifu au naiponda? Kwa masafa ya kati naiponda, na mtengenezaji aweke swichi ya kuzima huko kujinyamazisha, ni kitu kidogo mno kwake. Kwa bendi ya ndege siiuzi, hata ukinipa mara mbili ya bei niliyotoa. Ila nikikumbuka kwamba pesa ile iliingia kwenye droo ya yule kijana, natamani ningeagiza Dar nikasubiri.

Ukienda kununua yako, usikubali kuijaribu kaunta. Omba utoke nayo mpaka barazani, mbali na taa zao, uiwashe huko. Muuzaji akikataa, mwachie redio yake.