WWE nyota 3 kati ya 5: mtu akipigwa aonekane kapigwa

Naanza na hili ili asije mtu kunipa darasa kuhusu WWE, ile mieleka ya Wamarekani ya kwenye TV: najua ni maigizo. Najua mshindi anajulikana toka mchana, najua zile ngumi nyingine hata nzi haziui. Mama yangu kila siku ananiambia we mtu mzima na ndevu zako unakesha kuangalia watu wanadanganyana, afu saa tatu usiku yeye huyo kwenye tamthilia ya Kituruki, analia mpaka khanga inalowa. Kwaiyo tuelewane, hapa naikagua WWE kama bidhaa, kitu ninachokitolea hela na usingizi.

Na usingizi ndo bei yenyewe. Wana vipindi vya kila wiki, Raw na SmackDown. Raw kwao ni Jumatatu usiku, kwetu Mwanza inaanza Jumanne saa tisa usiku, na wao wakishageuza saa zao kipindi cha baridi inakuwa saa kumi alfajiri. SmackDown hivohivo, alfajiri ya Jumamosi. Mi nakaa Kirumba, juu kidogo kwenye mawe, dirishani naziona zile taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani utafikiri kuna mji mwingine kule, basi tunakesha wote, wao na nyavu zao mi na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, na bando la usiku lazima likate mechi ya mwisho ndo inaanza, sitaji mtandao gani maana sijui kama kuna ambao haufanyi hivo.

Ila utamu wenyewe sio wa kwenye simu. Utamu ni marudio ya Jumamosi mchana kwenye kibanda umiza huku Mabatini, jero kiingilio, mabenchi ya mbao, joto la kuivisha ndizi, na jamaa mmoja ameshika maiki anatafsiri. Huyo jamaa mi nasema angekuwa ameajiriwa kule makao makuu. Kiingereza chake na changu tunalingana, yaani hamna kitu, lakini stori anaipata na asipoipata anaitunga. Ile habari ya Roman Reigns, bingwa wa miaka ile, na wale mapacha Jimmy na Jey Uso, ambao ni ndugu zake kweli wa ukoo, afu na mdogo wao Solo Sikoa, yeye aliisimulia miaka yote kama ugomvi wa mirathi. Kwamba Roman kakalia ng'ombe za babu. Jey ndo mchungaji, anachunga mvua na jua, ikifika siku ya kugawana anaambiwa subiri. Siku Jey amemgeuka Roman kulikuwa na mzee mmoja benchi la mbele, mtu wa Magu huko, akasimama akasema "ng'wanawane (mwanangu), chukua ng'ombe zako uondoke!" Kibanda chote hoi. Na ukifikiria vizuri, jamaa hakukosea, ile stori ndivyo ilivyokuwa, mkubwa wa ukoo anawala wadogo zake. Ndo maana ilishika watu.

Hapo WWE nawapa nyota mbili bila ubishi, moja ya hiyo stori na nyingine ya miili yao, maana kuanguka kunaweza kupangwa lakini mbao za ulingo ni mbao kweli.

Sasa shida yangu. Shida yangu na hii kampuni ni moja tu, mengine yote yanatokea humo: mtu akipigwa haiumi. Simaanishi mwili, namaanisha kushindwa kwenyewe. Anapigwa leo, wiki ijayo anaingia na muziki uleule, tabasamu lilelile, anapanga foleni ya mkanda uleule kama mtu aliyetoka chooni.

Chukua Kofi Kingston. Kofi kazaliwa Ghana, walipomleta mwanzoni wakamtambulisha eti Mjamaika, sawa, tukameza. Kaingia 2008, kakaa miaka 11 anarukaruka anachekesha watu, anawapisha wenzie. 2019 mwenzake kaumia, yeye akawekwa kuziba pengo, watu wakaanza kumuimba wenyewe, hawakuambiwa na mtu. Tarehe 7 Aprili, WrestleMania 35, ile sherehe yao kubwa ya mwaka, kampiga Daniel Bryan, mkanda wa WWE kauvaa mtoto aliyezaliwa Afrika, wa kwanza. Nyie hamkuwepo kibandani siku ile tulivyoiangalia. Mama muuza karanga wa nje ambaye hajawahi kumjua mwanamieleka hata mmoja aliacha beseni akaja mlangoni, akauliza huyo mweusi wa nani, tukamwambia wetu, akapiga vigelegele. Karanga zake zikaliwa bure na watoto na hakusema neno.

Miezi sita. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo kapangiwa Brock Lesnar. Jamaa yangu mmoja, fundi pikipiki, alikuwa ametoka nje kununua kahawa. Kahawa ya mia, ile ya kwenye birika la mkaa. Kengele imelia, Kofi kamkimbilia, Lesnar kamdaka, kambeba begani, kamgeuza, moja mbili tatu. Kama sekunde kumi hivi. Fundi karudi na kikombe anauliza "wameanza?" Hakuna aliyemjibu. Akaangalia skrini, akaangalia sisi, akakaa, kahawa ikapoa mkononi.

Kwa kweli mi hata kushindwa kwake nilikuwa tayari kukubali. Lesnar ni Lesnar, hata ng'ombe dume lingempisha. Kilichoniudhi ni baada ya hapo. Nilisubiri Kofi achukie. Nilisubiri arudi na sura nyingine, avunje kitu, aseme nimesubiri miaka 11 mmenichukulia kwa sekunde kumi. Wapi! Mwezi wa 11 yuko na mwenzake Big E na mikanda ya timu, anacheza, anatabasamu. Sasa kama mwenyewe haimuumi, mi fundi wangu aliyeacha kahawa ipoe nimwambie nini? Toka siku ile hakurudi kibandani mpaka leo, ukimuuliza anasema "wale hawako siriasi".

Huku kwetu tunajua kushindwa kulivyo. Pamba, timu yetu ya mpira hapa Mwanza, ilishuka daraja, ikakaa nje ya ligi kuu miaka zaidi ya ishirini, watoto wakazaliwa wakaoa hawajawahi kuiona ikicheza na Simba hapa. Iliporudi 2024 watu wazima walilia. Walilia kwa sababu ya ile miaka, ingeshuka Juni ikapandishwa Agosti kimyakimya nani angejali?

Kwaiyo wazo langu la kwanza kwa Triple H, maana ndo anapanga stori toka 2022: weka foleni inayoonekana. Mtu akipigwa kwenye mechi ya mkanda, aende nyuma kabisa, na tuone yuko nyuma, apigane na wadogo mpaka arudi. Akipigwa mara tatu ahamishwe, kama ni wa Raw aende SmackDown aanze upya hana jina. Na mwenye mkanda awepo! Roman alikaa na mkanda siku 1,316 mpaka Cody Rhodes alipomvua kule Philadelphia Aprili 2024, na mi stori yake naipenda nimeshasema, lakini zile siku nyingi hakuwepo kazini, unafungua SmackDown unaona kiti. Bingwa asiyeonekana ni kama duka limefungwa halafu mlangoni kumeandikwa karibu mteja.

Na wapunguze watu kuingilia mechi zisizo zao. Mara moja kwa mwaka sawa, ile Philadelphia waliingia wakongwe, Cena, The Rock, mpaka Undertaker kengele ikalia, tulipiga benchi mpaka likavunjika (benchi tulichangia, msijali). Lakini mwaka uliofuata Las Vegas John Cena anachukua mkanda wake wa 17, rekodi ambayo hakuna mwingine anayo, na anayemsaidia ni mwanamuziki. Travis Scott. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, kabla ya hapo, walikuwa wamemgeuza Cena kuwa mbaya kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, The Rock ndo kamnunua roho, tumekaa tunasubiri, siku yenyewe The Rock hata hakutokea. Mtafsiri wetu maiki ilimshinda, akasema tu "jamani huyu ni msanii, amepita." Amepita!

Matangazo sijui niseme nini, mkeka wenyewe wa ulingo siku hizi una nembo za makampuni, mtu analala kifudifudi juu ya tangazo. Tuiache.

Sasa nitasema jambo ambalo kibandani walinitukana. Mechi ya mwisho ya Cena, tarehe 13 Desemba 2025, alipokutana na mwanamieleka anaitwa Gunther. Kabanwa shingo, kapambana, katoka, kabanwa tena, mwisho kapiga mkono chini kukubali. Yule mtu ambaye miaka yote shati lake limeandikwa usikate tamaa. Watu ukumbini walizomea, na kibandani kulikuwa na dogo wa darasa la tano, ana kofia ya Cena ya mtumba ya Mlango Mmoja, alilia kamasi mpaka kaka yake akambeba mgongoni. Wakubwa wakasema WWE wamemdhalilisha mzee. Mi nikasema hapana, leo ndo wamefanya kazi. Kwa sababu iliuma. Hakuna wiki ijayo ya kurudi anatabasamu. Gunther sasa akiingia, yule dogo anamzomea kwa moyo wote na atamzomea mpaka amalize shule, na siku mtu atakapomlaza Gunther yule dogo atapaa. Hiyo ndo biashara, sa mbona mnaifanya mara moja kwa miaka kumi?

Wangekuja tu Bujora hapa Kisesa mwezi wa sita kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, wajifunze. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wachezaji, wanapiga ngoma uwanja mmoja, muda mmoja, kila upande na dawa zake na vituko vyake, huyu kaleta chatu, yule anarusha majembe, na refa hakuna. Watu wakikukimbia wakaenda upande wa pili, umeshindwa, na unaona kwa macho yako unavyoshindwa, mgongo mmoja baada ya mwingine. Mwaka mzima utaimbwa. WWE watu wakimuimba Kofi wanampa, wakiacha kidogo wanamnyang'anya kwa sekunde kumi. Watu walikuwa upande wake, bwana!

Halafu Afrika. Mikanda mikubwa wanaipeleka Saudia toka 2018, wamepeleka Ufaransa, Australia, Royal Rumble ya 2026, onyesho lao jingine kubwa, wameifanyia Riyadh, na WrestleMania ya 2027 wametangaza ni hukohuko. Sina wivu, tena mi nafurahi, maana Riyadh na Mwanza saa zetu ni zilezile, ndo siku nakula mieleka mubashara kwa saa za binadamu. Lakini Oba Femi, Mnigeria aliyekuwa mrusha tufe, jitu la kutisha, wameshamvalisha mkanda wa NXT, kile kipindi chao cha chipukizi, sasa hilo jitu lisimamishwe Lagos au Nairobi au hata pale CCM Kirumba tuone watu watakaa wapi. Na watupe watangazaji wa Kiswahili. Hela ndogo tu. Wachukue watu wa vibandani hawa, wanaojua kwamba mkanda ni ng'ombe.

Kina dada sijawasema na wanastahili, Rhea Ripley na Bianca Belair kwa miaka hii mechi zao nyingi zinazidi za wanaume, hapo sina marekebisho.

Nyota ya tatu ni ya ile mechi ya Cena. Nyota mbili nimezizuia, moja ya Kofi na moja ya fundi wangu. Wiki iliyopita nimempitia gereji kwake Igogo nikamwambia kuna Mnigeria mpya, akafuta mikono kwenye kitambaa, akauliza "na Lesnar bado yupo?"